Kabari ya milimita 3 mbele ya hewa ya Mach 2

Kijana mmoja wa Moshi anayesomea ufundi wa mitambo ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita nilikwenda Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, kumsindikiza mjomba. Kwenye bawa la ndege moja ndogo ya watalii niliona safu ya vibati vifupi vimesimama kama meno ya kitana. Fundi akaniambia vinavuruga hewa ili isibanduke kwenye bawa. Hilo nililielewa. Akaongeza kwamba hata kwenye kasi kuliko sauti watu wanavitumia, tena vidogo zaidi, vifupi kuliko lile tabaka la hewa linalonata kwenye bodi. Hapo nikakwama. Kitu kifupi kuliko ukucha kitaifanya nini hewa inayopita karibu mita 600 kwa sekunde? Na kikikaa hapo si kitazalisha wimbi la mshtuko na kuharibu zaidi? Ningejaribu mwenyewe, ila kwetu hakuna handaki la upepo, lile la kupulizia hewa ili kupima vitu."

Marahaba, kijana wangu. Fundi wako hakukudanganya, ila neno "kuvuruga" ndilo lililokupoteza njia. Ukilishika hilo utadhani kazi ya vibati ni kuichapa hewa mpaka ichanganyikiwe. Kazi yake hasa ni kuhamisha. Vinaichukua hewa yenye mwendo iliyo juu na kuishusha kwa hewa iliyochoka pale chini.

Mimi nimekulia Kibosho, kwenye mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba. Wewe ni mtu wa Moshi, huhitaji kuelezwa mfongo ni nini, ila sijui kama umewahi kuchuchumaa ukautazama kwa nusu saa. Jani likiangukia katikati linakimbia. Jani lile lile likisogea ukingoni linajikokota, na linalogusa udongo kabisa halitoki. Sasa tazama mahali mfongo unapopanuka ghafla. Maji ya katikati yanaendelea, lakini ya ukingoni yanasimama, kisha yanaanza kurudi yalikotoka, na takataka zote zinakusanyika hapo. Babu yangu alikuwa akitega jiwe mshazari juu kidogo ya sehemu kama hiyo. Jiwe halikuzuia maji, liliyasokota. Maji ya katikati yalijikunja kuelekea ukingoni na ile sehemu iliyokuwa imelala ikaanza kutembea. Niliona jambo hilo miaka mingi kabla ya kukaa darasani kulisoma, na mpaka leo nikifundisha somo hili huwa naanza na jiwe lile.

Hewa nayo ina ukingo wake. Mwaka 1904 Mjerumani Ludwig Prandtl aliwaeleza wanahisabati waliokutana Heidelberg kwamba hewa inayogusa bati haitelezi juu yake. Imenata, na kasi yake ukilinganisha na bati ni sifuri. Ukipanda kidogo kidogo kutoka kwenye bati kasi inaongezeka, mpaka unaifikia kasi kamili ya hewa ya nje. Ukanda huo kati ya sifuri na kasi kamili ndio tabaka la mpaka. Kwenye ndege unene wake huwa milimita au sentimita chache, na humo ndimo hewa inapoamua kubaki na bodi au kubanduka.

Kwa ndege ya Kisongo hadithi ni fupi. Rubani anapotua kwenye kiwanja kifupi cha mbugani anainua pua, na hewa ya juu ya bawa inalazimika kutoka kwenye presha ndogo kwenda kwenye presha kubwa zaidi. Ni kama kupanda mlima. Iliyo ndani ya tabaka la mpaka haina mwendo wa kutosha, basi inasimama, inarudi nyuma, na bawa linapoteza uwezo wa kubeba. Vibati vinaichanganya na hewa ya juu nayo inapata nguvu ya kuendelea. Wahandisi wanavijua tangu mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kwenye kasi kuliko sauti mlima ni mwingine kabisa, na mahali panapouma zaidi ni kwenye mdomo wa injini.

Injini ya jeti ya kawaida haiwezi kumeza hewa inayokwenda kasi kuliko sauti. Concorde, ile ndege ya abiria ya zamani, iliruka kwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, lakini hewa ilipofika kwenye uso wa injini zake ilikuwa imepunguzwa hadi karibu Mach 0.5. Punguzo lote hilo lilifanyika ndani ya mita chache za mdomo ule. Hewa ya kasi hiyo haipunguzwi kwa upole. Inapita kwenye mawimbi ya mshtuko, kuta nyembamba kuliko unywele ambazo hewa ikizivuka presha yake inaruka juu papo hapo. Wimbi moja lililosimama wima mbele ya hewa ya Mach 2 linapandisha presha mara 4.5. Ule mlima wa bawa la Kisongo ulikuwa mteremko wa barabara. Huu ni ukuta.

Hewa ya nje inauvuka ukuta huo kwa sababu ina mwendo. Hewa ya chini ndani ya tabaka la mpaka itauvukaje? Fikiria bodaboda mbili zinapanda kilima kimoja huku injini zimezimwa. Iliyokuja na kasi inafika juu, na iliyokuja polepole inaishia katikati na kuanza kurudi kinyumenyume.

Kuna jambo la pili, na mimi naliona ndilo zuri kuliko yote katika somo hili. Mbele ya kitu kinachokwenda kasi kuliko sauti hewa haina habari. Presha husafiri kwa kasi ya sauti, kwa hiyo kilichotokea nyuma hakiwezi kupeleka taarifa mbele. Lakini ndani ya tabaka la mpaka, karibu kabisa na bati, lazima pawe na uzi wa hewa ambayo kasi yake iko chini ya sauti, kwa kuwa chini kabisa ni sifuri. Kupitia uzi huo taarifa inapenya kwenda mbele. Presha ya wimbi inachungulia kwa huko na kuliinua tabaka kabla hata halijafika kwenye wimbi lenyewe. Tabaka linavimba. Wimbi likiwa na nguvu, hewa inabanduka na kuacha pango lenye hewa inayozunguka kinyume. Uvimbe huo nao unazalisha mawimbi yake, kwa hiyo ulianza na wimbi moja na sasa una matatu yanayotikisika. Kwa wimbi lililosimama wima na tabaka lenye msukosuko, kubanduka huanza hewa ikiwa na Mach kama 1.3 tu.

Pango hilo halitulii. Linapanuka na kusinyaa, na hewa inayoingia kwenye injini inakuwa nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, huku mapanga ya injini yanataka hewa iliyo sawa pande zote. Marubani wa SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyopita Mach 3, waliujua ubaya wa wimbi kutotulia mdomoni. Wimbi likitemwa nje, injini moja ilipoteza msukumo ghafla na ndege nzima ikapinda upande huo kwa nguvu.

Dawa ya zamani ni kunyonya. Unatoboa matundu kwenye kuta za mdomo na kuivuta ile hewa iliyochoka uitupe nje kabla haijaleta shida. Inafanya kazi, na Concorde na SR-71 zote zilitumia njia hiyo. Lakini hewa uliyoitupa uliibeba kwa mafuta yako. Mabomba, vali na matundu yana uzito, na mdomo unalazimika kuwa mkubwa zaidi ili kufidia kilichopotea. Ndipo watu walipouliza kama hewa hiyo ya chini inaweza kuongezewa mwendo badala ya kutupwa, na hapo tunafika kwenye swali lako.

Kifaa kinachochunguzwa zaidi ni kabari. Chukua kipande cha chapati kilichokatwa pembetatu, ukilaze bapa na upana wake uelekee hewa inakotoka. Sasa inua ncha ya nyuma kidogo tu na ujaze nafasi iliyobaki chini. Vipimo vinavyorudiwa sana na watafiti ni hivi: kama urefu wa kwenda juu ni milimita 3, upande wa pembetatu ni karibu milimita 22, na kati ya kabari moja na nyingine ni milimita 22 na nusu hivi. Mteremko wake haufiki nyuzi 9. Ukiishika mkononi utadhani ni kipande cha chuma kilichokosewa kiwandani.

Hewa inaupanda mteremko, kisha inamwagika kwenye kingo zake mbili, na kila upande inajisokota. Umepita barabara ya kuelekea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakati wa kiangazi ukaona kisulisuli cha vumbi kimesimama uwandani? Nyuma ya kila kabari kuna visulisuli viwili vya namna hiyo, ila vimelala, kama kamba mbili zinazosokotwa kwa pande zinazopingana, na vyote vinaelekea hewa inakokwenda. Kwa nje vinashusha hewa ya kasi hadi kwenye bati. Katikati, mahali vinapokutana, vinainua hewa iliyochoka na kuipeleka juu.

Sasa kuhusu ufupi. Umefikiri, kama wengi, kwamba ndani ya tabaka la mpaka hewa yote imelala, kwa hiyo kitu kilichozama humo hakina cha kukamata. Ingekuwa kweli kama kasi ingepanda sawasawa kutoka chini hadi juu. Katika tabaka lenye msukosuko haipandi hivyo. Inaruka haraka sana karibu na bati, kisha inaongezeka polepole. Hesabu ya makadirio tunayoitumia darasani inasema kasi inafuata mzizi wa saba wa kimo. Chukua tabaka la milimita 10, hewa ya nje ikiwa Mach 2 kwenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, kama ilivyo juu sana. Hewa ya nje inakwenda kama mita 590 kwa sekunde. Kwenye kimo cha milimita 3 kasi ni asilimia 84 ya hiyo, yaani karibu mita 500 kwa sekunde. Kwenye milimita 1 tu bado ni asilimia 72. Na ule uzi ulio chini ya kasi ya sauti, ukiufanyia hesabu pamoja na joto la msuguano, unapata unene wa takriban asilimia 3 ya tabaka, sehemu tatu za kumi za milimita.

Kwa hiyo ncha ya kabari yako fupi kuliko ukucha imesimama kwenye hewa yenye Mach kama 1.5. Ina cha kukamata, tena kingi. Ukiirefusha mpaka itokeze juu ya tabaka utapata kisulisuli chenye nguvu zaidi, lakini utakuwa umeweka kizuizi kwenye hewa ya Mach 2 ambayo haikuwa na shida yoyote. Vibati vya zamani vilikuwa virefu sawa na tabaka lenyewe au zaidi. Hivi vya sasa hukaa kati ya sehemu ya kumi na sehemu tisa za kumi za unene wake, na wengi hupenda chini ya nusu.

Joto nililolitaja usilipuuze. Msuguano kwenye Mach 2 unaipasha hewa ya chini hadi ikaribie nyuzi 100, wakati nje ni baridi kuliko kilele cha Kibo usiku. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo karibu na bati hewa ni pungufu mara mbili: kasi imepungua na uzito wake umepungua pia. Ndiyo maana inashindwa upesi mbele ya wimbi. Na ndiyo maana hewa baridi, nzito, inayoshushwa na kisulisuli ina thamani kubwa kuliko ambavyo kasi yake peke yake ingekuonyesha.

Hofu yako kuhusu wimbi la mshtuko ni sahihi, na wimbi lipo. Kabari inatoa wimbi dogo pale mteremko unapoanza, na jingine nyuma ya ncha. Lakini hasara ya wimbi haifuati nguvu yake moja kwa moja. Kwa mawimbi dhaifu inafuata nguvu hiyo ikizidishwa yenyewe mara tatu. Punguza nguvu kwa nusu, hasara inashuka hadi sehemu ya nane. Kwa sababu hiyo hiyo midomo ya injini hutengenezwa ili hewa ipite kwenye mawimbi kadhaa dhaifu badala ya moja kali, kwani lile moja la wima kwenye Mach 2 linakula asilimia 28 ya presha yote ambayo injini ingeitumia. Kabari fupi yenye mteremko mdogo inalipa ushuru mdogo. Kipezi kirefu kilichosimama, yaani kibati cha namna ya Kisongo, kinalipa mkubwa.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka yanaishia kwenye "visulisuli vinagandisha hewa kwenye bati" na kufunga mjadala. Majaribio yanasema jambo lenye mipaka zaidi. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Holger Babinsky na wenzake walipima kabari za vimo mbalimbali kwenye handaki la upepo la Mach 2.5, matokeo yakatoka mwaka 2009. Walipoweka kabari mbele ya wimbi linalobandua hewa, pango la hewa iliyobanduka halikufutika. Lilikatwakatwa. Kwenye mistari ambako visulisuli vinashusha hewa ya kasi, hewa ilibaki imeshika bati. Kati ya mistari hiyo mapango madogo yalibaki. Lililokuwa shimo moja pana kutoka ukuta hadi ukuta likawa visima vilivyotengana.

Je, hiyo ni faida? Mimi naona ni faida, ila si ya bure. Pango moja kubwa linalotikisika kwa pamoja ni hatari kuliko madogo yaliyotenganishwa. Lakini ile hewa iliyochoka ambayo visulisuli vimeiinua katikati haijapotea. Imesafirishwa juu, na nyuma ya kila kabari kuna mkia wa hewa yenye kasi ndogo unaopanda taratibu kadiri unavyokwenda. Juu ya mkia huo hewa ya kasi na ya polepole zinasuguana na kujikunja kuwa matao, moja nyuma ya jingine, kama pingili za muwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Arlington waliyaona matao hayo kwenye hesabu za kompyuta, na wenzao wa Delft, Uholanzi, wakayapima kwenye handaki lenye hewa ya Mach 2. Mchoro wa visulisuli viwili vilivyonyooka kama reli, ambao hata mimi nimeuchora ubaoni mara nyingi, ni wastani tu wa kitu kinachopigapiga wakati wote.

Umbali nao unaamua mengi. Kila kitu nyuma ya kabari kinapimwa kwa kimo chake. Kabari ndogo ina visulisuli vidogo vinavyochoka mapema, kwa hiyo lazima ikae karibu na wimbi. Hilo linaleta shida ya kweli kwa mhandisi, maana wimbi ndani ya mdomo wa injini halikai mahali pamoja. Linasogea rubani akibadili msukumo au ndege ikipita kwenye hewa ya joto tofauti. Kabari iliyofungwa kwa skrubu haisogei.

Kwa nini basi kabari, wakati kipezi chembamba kilichosimama mshazari, kama kile ulichokiona Kisongo, kinasokota hewa kwa nguvu zaidi? Jiulize kama fundi. Kipezi chembamba mbele ya injini, hewa ikikipiga kwa mita 500 kwa sekunde huku inatetemeka, siku kikikatika kitakwenda wapi? Kitakwenda kwenye mapanga ya injini. Kabari imejaa, msingi wake ni mpana, haina pa kukatikia. Mimi ningechagua kabari hata kama ingenipunguzia theluthi ya nguvu ya kisulisuli. Na nisingeyaziba matundu ya kunyonya yote kwa pupa. Kwa yale yaliyoonekana hadi sasa, kabari zinaweza kupunguza kiasi cha hewa kinachonyonywa, lakini kwenye pembe za mdomo, ambako kuta mbili zinakutana na matabaka mawili yanaungana kuwa moja nene, bado ningetegemea kunyonya.

Ulimalizia barua yako kwa kusema kwenu hakuna handaki la upepo. Una bomba la maji? Weka sinia bapa chini yake na ufungue maji yashuke kama uzi mnene. Yakigonga sinia yanatawanyika kwa kasi yakiwa membamba sana, kisha kwenye duara fulani yanainuka ghafla na kuwa mazito na ya polepole. Ndani ya duara maji yanakwenda kasi kuliko mawimbi yake yenyewe, kama hewa iliyopita kasi ya sauti. Duara lenyewe ndilo wimbi lako la mshtuko. Gusisha ncha ya kisu kwenye maji membamba ndani ya duara na utaona mistari miwili ikifunguka kama herufi V. Gusisha nje ya duara, V hiyo haipo, maana huko habari za kisu zinaenda pande zote. Kisha bandika punje ya mchele ndani ya duara, karibu na ukingo, na utazame ukingo unavyopinda nyuma yake. Irudishe kuelekea katikati kidogo kidogo, kila mara uandike umbali na umbo la ukingo, na uniletee michoro hiyo.